Kufundisha Somo la Lambo la Udongo: Nafasi Tupu ya Kupokea Mafuriko

Mwanachuo aulizwapo na wanafunzi wa darasa la sita jinsi lambo linavyozuia mafuriko, aghalabu hujibu kwamba lambo hukusanya maji. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi, na kwa watoto wanaokaa bondeni chini ya lambo lina hatari yake. Kinachozuia mafuriko si maji yaliyomo lamboni, bali ni nafasi tupu iliyobaki juu ya maji hayo. Lambo lililojaa pomoni kabla ya mvua halizuii chochote. Kila ndoo iingiayo sharti ndoo nyingine itoke. Shabaha ya somo ni kumfikisha mwanafunzi kwenye wazo hilo kwa macho yake mwenyewe.

Mwalimu na aanze kwa kuielewa kazi ya tuta. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri huweza kuhimili maji yaliyotulia kwa miaka mingi. Hauhimili maji yapitayo juu yake. Maji hayo huchimba kijimfereji kwenye mteremko wa nje, kijimfereji hurudi nyuma kuelekea kilele, na kikishakifika, tuta huweza kubomoka kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana lambo huchimbiwa pembeni njia ya maji ya ziada, iliyo chini kuliko kilele cha tuta, na ndiyo maana tena huwekewa chini bomba lenye koki, ili maji yapunguzwe mapema.

Zana za kufundishia ni rahisi: karai kubwa, udongo wa mfinyanzi, jembe la mkono, na kopo lililotobolewa matundu liwe mvua. Wanafunzi wajenge tuta dogo kukata mfereji uliochimbwa kwenye bustani ya shule. Mara ya kwanza walijaze lambo lao nusu, kisha wanyeshe mvua ya makopo matano. Mara ya pili walijaze hadi ukingoni, wanyeshe makopo yale yale matano. Mara ya tatu walijaze tena, lakini kwanza wachimbe njia ya pembeni na kuitandika nyasi. Mwalimu asieleze kitu kabla ya mara ya pili. Tuta linapokatika mbele yao watapiga kelele. Waache wapige, kisha uulize: makopo yalikuwa mangapi mara ya kwanza? Swali hilo moja linafanya kazi kuliko maelezo ya robo saa.

Baada ya hapo hesabu itakuwa na maana. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Tuseme ardhi inayoteremshia maji lamboni ni hekta 40, mvua ya usiku mmoja ni milimita 50, na nusu yake imenywewa na ardhi. Mita za ujazo 10,000 zitaingia. Lambo lenye uwezo wa 12,000, ambalo tayari lina 9,000, lina nafasi ya 3,000 tu. Zile 7,000 zitapita pembeni, au, njia ikiwa imeziba, zitapita juu ya tuta. Lau mwenye lambo angalifungua koki kabla ya masika na kubakiza 2,000, zote zingalipokelewa.

Hapa ndipo umilikaji unapoingia. Mwenye lambo anataka maji ya kumwagilia, ya kunyweshea ng'ombe au ya kufugia samaki. Faida yake imo katika lambo lililojaa. Jirani wa bondeni usalama wake umo katika lambo lenye nafasi. Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi ni cha bwawa la South Fork, huko Pennsylvania, Marekani. Lilikuwa bwawa la udongo, kubwa kuliko malambo yetu, mali ya klabu ya matajiri waliolitumia kwa uvuvi na mapumziko. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameondolewa, kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapishane, na kwenye njia ya maji ya ziada waliweka nyavu ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikanasa katika nyavu, maji yakapita juu ya tuta. Watu 2,209 walikufa katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake.

Karibu nasi zaidi, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba la mtu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya, lilibomoka wakati wa mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanawake na watoto.

Wako wakufunzi wanaoona kwamba visa hivi ni vizito kwa watoto. Mimi sikubaliani nao, kwani mtoto akaaye bondeni tayari anausikia mvumo wa maji usiku. Ila mwalimu akumbuke kwamba mtoto wa mwenye lambo huenda ameketi dawati moja na mtoto wa jirani wa bondeni. Azungumzie tuta na koki, asimzungumzie mzee wa mtu.

Ziara ifanywe wakati wa kiangazi, kwa ruhusa ya mwenyewe, na watoto wasikaribie ukingo. Watazame kama kuna miti juu ya tuta, mashimo ya panya, au njia ya ng'ombe iliyokishusha kilele. Chini ya tuta watazame maji yanayochuruzika. Yakiwa meupe, tuta linavuja kidogo tu, kama ilivyo kawaida. Yakiwa na tope, udongo wa ndani unachukuliwa, na mwenye lambo aambiwe siku hiyo hiyo. Katika jaribio la mwisho wa juma, usiulize sehemu za lambo. Uliza: mwezi mmoja kabla ya masika, koki ifunguliwe au ifungwe, na kwa nini?