Kijana wa Kiislamu na maisha ya uzeeni: Riba isiwe kisingizio

Waulize vijana wetu wanaoendesha bodaboda, mafundi seremala, wauza nguo wa Kariakoo na walimu wa madrasa: nani atakutunza ukifika miaka 65? Wengi watajibu kwa neno moja tu: Mungu. Jibu hilo ni sahihi, na hakuna Muislamu wa kulipinga. Lakini endelea kuwauliza wameandaa nini. Hapo utaambiwa kuwa benki ni riba, hisa ni kamari, na mifuko ya hifadhi ya jamii ni ya walioajiriwa. Kwa hiyo wanasubiri. Wanasubiri nini, hawasemi.

Cha kushangaza ni kwamba baadhi ya hao hao wanaoikimbia riba ya benki utawakuta wamefungwa na mikopo ya "kausha damu". Riba ya kupokea wanaiogopa, riba ya kulipa wanaizoea. Kijana wa namna hii asianze na uwekezaji. Aanze kwa kulipa deni hilo, kwani hakuna biashara halali ya kawaida itakayompa faida ya kushindana na kinachomtoka kila wiki.

Tuliweke sawa suala la tawakkul. Nabii Yusuf (a.s.) alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuwaambia watu wakae wakisubiri riziki. Aliwapa mpango wa miaka saba ya kulima na kuhifadhi nafaka kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Yeye alikuwa Mtume wa Allah, na hakuna aliyemzidi kwa kumtegemea Mola wake. Na wazee wetu wa Pwani na Visiwani walilifahamu somo hili hata kabla neno pensheni halijafika kwetu. Kijana alipanda minazi akiwa na nguvu zake. Ule mnazi mrefu wa asili huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miaka mingi kuliko umri wa kazi wa aliyeupanda. Mzee aliyeshindwa hata kuinua jembe aliletewa nazi zake, akauza, akanunua sukari na mafuta ya taa, na bado akampa mjukuu senti ya kitumbua. Hakuna aliyemwita mzee yule mpungufu wa imani.

Leo minazi tumeikata tukauza viwanja, na pesa za viwanja zimekwisha. Kilichobaki ni usemi kwamba "watoto ndio pensheni". Ni kweli kuwa kuwatunza wazazi ni wajibu. Lakini huyo mtoto naye atakuwa na kodi ya nyumba, ada na wakwe, na pengine kazi yenyewe hana. Kumpangia mzigo huo wewe ukiwa na miaka 25, wakati yeye hata hajazaliwa, ni kumdhulumu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bila sababu. Chukua kijana wa miaka 25 anayeweka kando shilingi 1,000 kwa siku. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Akifanya hivyo hadi miaka 60 atakuwa ametoa mfukoni shilingi milioni 12 na laki 6. Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa ameziweka mahali panapompa faida ya wastani wa asilimia 8 kwa mwaka, na kila faida inayopatikana haili bali anairudisha kwenye mtaji. Mwisho wa miaka 35 atakuwa na takriban milioni 62. Mwenzake anayeweka kiasi kile kile lakini anaanza akiwa na miaka 35 atapata kama milioni 26. Tofauti ya walichotoa ni milioni 3 na laki 6, lakini tofauti ya walichovuna ni karibu milioni 36. Ile miaka kumi ya mwanzo, ambayo vijana husema "ngoja kwanza nijipange", ndiyo yenye thamani kuliko yote. Faida huzaa faida, kama mbuzi anavyozaa na watoto wake nao wakazaa, mradi usichinje mapema.

Lakini usishangilie milioni 62 mapema. Bei za vitu nazo zinapanda. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini mwetu ulifika asilimia 19.8, na ingawa miaka ya karibuni umekuwa mdogo sana kuliko huo, haujawahi kuwa sifuri. Bei zikipanda asilimia 5 tu kwa mwaka, milioni 62 za baada ya miaka 35 zitanunua kile kinachonunuliwa leo kwa milioni 11 hivi. Dawa yake ni kuongeza kile unachoweka kila mwaka kadiri kipato kinavyokua. Anayeanza na 1,000 kwa siku kisha akapandisha kwa asilimia 5 kila mwaka, kwa faida ile ile, atafika zaidi ya milioni 111, zenye nguvu ya kama milioni 20 za leo. Hapo ndipo utaona ubaya wa kuficha noti chini ya godoro au kuziacha kwenye simu: bei zinazila, na zikifikisha nisab na mwaka kupita, zaka nayo inatoka. Upatu nao ni mzuri kwa kununua cherehani, lakini haukuzi kitu. Unapokea kile kile ulichotoa.

Je, mahali penyewe pa halali papo? Hili ndilo swali la msingi, na jibu la miaka 30 iliyopita si jibu la leo. Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 ikiwa benki kamili isiyofanya kazi kwa riba, na benki nyingine kadhaa zina huduma za namna hiyo ndani yake. Humo kuna akaunti za mudharaba: wewe unatoa mtaji, benki inafanya kazi, faida mnagawana kwa mafungu mliyokubaliana, na ikitokea hasara ya biashara bila uzembe wa benki, hasara iko kwenye mtaji. Uliza mafungu hayo ni mangapi kabla ya kutia saini. Kuna pia sukuk, ambazo mwenye nazo hupata sehemu ya mapato ya mali au mradi badala ya riba. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuuza za kwake mwaka 2025.

Ama hisa, kuziita kamari ni kutozifahamu. Kununua hisa ni kununua fungu la umiliki wa kampuni, na ushirika ni jambo ambalo fiqhi imelijadili karne nyingi. Swali ni kampuni yenyewe inafanya nini. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, kuna kampuni ya bia na kampuni ya sigara. Hizo hatuna haja ya kuzijadili. Kuna benki za riba, nazo hukumu yake ni ile ile. Lakini zipo pia za saruji na nyingine za biashara za kawaida. Kwa hizi, taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, imeweka mipaka: mikopo ya riba ya kampuni isizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, na fungu hilo mwenye hisa alitoe, asilile. Wapo wanazuoni wanaokataa hata kiasi hicho. Muulize sheikh unayemwamini, lakini nenda na hesabu za kampuni mkononi ili asije akakujibu kwa kukisia.

Na hisa hushuka. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, na miaka kadhaa baadaye waliozinunua walikuwa bado wanaziona chini ya bei hiyo. Kwa hiyo ada ya mtoto ya mwakani haiwekwi huko. Weka kwanza akiba ya dharura ya miezi mitatu au minne mahali unapoweza kuichukua siku hiyo hiyo, ndipo ununue hisa kwa pesa usiyoihitaji kwa miaka kumi, na usinunue za kampuni moja tu.

Kwa walioajiriwa, NSSF haina hiari: michango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango isiyopungua miezi 180. Kijana hakikisha mwajiri anapeleka hizo pesa, usisubiri kugundua ukiwa na miaka 55. Na aliyejiajiri anaweza kujiunga kwa hiari. Kwa kuwa mifuko hii huwekeza pia kwenye hati fungani za riba, suala la hiari lina maneno ya wanazuoni, na ndio maana ni busara kutazama kwanza njia zilizotajwa hapo juu.

Anayekuja na faida ya mara mbili au tatu kwa miezi michache mkimbie, hata akianza kwa Bismillah. DECI iliyofungwa mwaka 2009 iliwafundisha Watanzania maana ya kupanda na kutovuna.

Waislamu wa Malaysia walikuwa na tatizo kama letu. Wanakijiji waliogopa riba, wakaficha pesa majumbani, au wakauza mashamba na mifugo ili waende Hijja, kisha wakarudi mafukara. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz aliandika mapendekezo ya chombo cha kuweka akiba bila riba, na mwaka 1963 chombo hicho kikaanza kupokea amana ndogo ndogo. Ndicho leo kinachoitwa Tabung Haji. Misikiti yetu ina kamati za sherehe na kamati za ujenzi. Je, ni mingapi ina watu wawili wanaojua kumsaidia kijana kusoma fomu ya uwekezaji?

Na kuhusu fomu hiyo: kuna sehemu ya kuandika jina la atakayelipwa ukifa. Wengi humwandika rafiki, au mtoto mmoja kati ya sita, wakidhani wamemaliza. Andika wasia pembeni kuwa pesa hizo ni sehemu ya mirathi na zigawiwe kwa warithi wote kwa mafungu yao, mpe mashahidi wawili, na nakala ikae kwa mtu asiyekuwa mrithi.