SOMO: TAKA ZAWEZA KUWA AKIBA?



Katika somo hili twajifunza habari za benki ya taka, yaani mahali ambapo watu huleta taka zao, zikapimwa, na thamani yake ikaandikwa kuwa akiba yao. Mpango huu ni mzuri, lakini waweza pia kuwapotezea watu fedha. Kwa hiyo yatupasa kuuelewa kabla ya kuuanza.

1. Ulikotoka

Tarehe 21 Februari 2005, mlima wa taka uliporomoka huko Leuwigajah, karibu na mji wa Bandung, nchini Indonesia. Watu zaidi ya 140 walikufa. Ndipo wengi walipotambua kwamba kuzimwaga taka mbali si kuzimaliza.

Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2008, mwalimu wa mambo ya afya, Bambang Suwerda, alianzisha benki ya taka iitwayo Gemah Ripah huko Badegan, Bantul, katika kisiwa cha Java. Alihangaishwa na homa ya dengi, maana mbu wailetao huzaana katika maji yanayotuama ndani ya makopo na matairi. Mpango ukaenea, hata mwaka 2012 Wizara ya Mazingira ya Indonesia ikautungia kanuni.

2. Unavyofanya kazi

Kila nyumba hutenga taka zake: plastiki mbali, karatasi mbali, chupa na makopo mbali. Siku ya kupokea, mzigo hupimwa kwa mizani, na karani huandika thamani yake katika daftari la benki na katika kitabu cha mwenye mzigo. Benki huuza kwa mnunuzi wa jumla, naye hupeleka kiwandani, vikatengenezwa vitu vipya. Hivyo mali huzunguka badala ya kutupwa.

Mabaki ya vyakula na majani hayaendi benki. Hayo yafanywe mboji nyumbani, yarutubishe bustani.

3. Hesabu yake

Tuchukue mfano. Mnunuzi hutoa shilingi 500 kwa kilo ya chupa za plastiki. Benki humwandikia mwenye mzigo shilingi 400. Zinabaki shilingi 100 za kulipia usafiri, magunia, pango la ghala na posho ya karani. Je, gharama hizo zikifika shilingi 120 kwa kila kilo? Hapo kila kilo inakula shilingi 20 za akiba za watu. Ghala litajaa, watu watafurahi, kumbe benki inakufa. Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo hasara inavyozidi.

4. Masharti manne

(a) Mtafuteni mnunuzi kabla ya kununua mizani. Kitu kisicho na mnunuzi kisipokelewe, la sivyo ghala litageuka jalala.

(b) Bei ibandikwe ukutani. Ikishuka baadaye, akiba iliyokwisha kuandikwa isipunguzwe. Kwa hiyo sehemu ya faida iwekwe kando kwa ajili ya siku mbaya, na mzigo usikae muda mrefu bila kuuzwa.

(c) Fedha za akiba zisichanganywe na fedha za matumizi. Zisitolewe bila sahihi za watu wawili, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote. Mjane aliyeokota makopo miezi sita ili kupata ada ya mtoto asije akaambiwa, "Rudi kesho."

(d) Wakumbukwe waokotao chupa mitaani. Wao walikuwa wakiifanya kazi hii kabla yetu, tena kwa dharau nyingi. Tukianzisha benki pasipo wao, tutakuwa tumewanyang'anya riziki. Wapewe kazi ya kupokea, kuchambua na kuchukua mizigo, maana wanazijua bei na aina za taka kuliko sisi.

Basi, ndugu, nguvu ya benki ya taka si wingi wa taka, bali ni mizani ya kweli na daftari lililo wazi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni taka gani zinazopata mnunuzi katika mtaa wetu, na kwa bei gani?
2. Gharama ya kufikisha kilo moja kwake ni kiasi gani?
3. Bei ikishuka kwa nusu, nani atabeba hasara?
4. Ni nani mtaani mwetu waishio kwa kuokota taka, nasi tumekwisha kuzungumza nao?