Kutunza Hati za Nyumbani na Kuzipatia Saa Yake

Wasomaji wetu, hasa wenyeviti wa vijiji, maofisa watendaji na walimu, wanajua jinsi shauri la shamba liendavyo mbele ya baraza. Huyu asema alinunua. Yule asema aliliazima tu. Wazee huulizwa, na kila mzee hukumbuka upande wa jamaa yake. Mwishowe huulizwa neno moja: karatasi iko wapi? Hapo mwenye haki huinamisha kichwa, maana karatasi yake imekwisha kuliwa na mchwa.

Sisi nasi hatujitoi katika lawama hii. Siku moja tulitakiwa kuonyesha hati ya mauziano ya kiwanja. Tuliitafuta siku mbili. Godoro likainuliwa, mikoba ikamwagwa, watoto wakatuhumiwa bure. Hati ilionekana ndani ya daftari kuukuu la hesabu, imekunjwa mara nne, na muhuri umechanika katika mkunjo.

Zamani mtu hakuwa na hiari. Katika Kenya, miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilining'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Asiyekuwa nacho aliadhibiwa. Huku Tanzania Bara wengi wanakumbuka taabu ya kuulizwa stakabadhi ya kodi ya maendeleo, mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Mambo hayo yamekwisha, wala hatuyatamani. Lakini karatasi zenyewe zimezidi kuwa nyingi, na leo hakuna atulazimishaye kuzitunza.

Zenye uzito ni hizi: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, kitambulisho cha taifa chenye namba ya tarakimu 20, na kwa mkulima, hati ya hakimiliki ya kimila, itolewayo na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Mwalimu naye asiidharau barua yake ya kwanza ya ajira. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Aliyehifadhi hati zake za mshahara ana cha kuonyesha, ikiwa michango ya mwezi fulani haionekani katika hesabu.

Sanduku moja latosha. La bati ni bora, nalo liwekwe juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Ndani iwemo bahasha moja kwa kila mtu wa nyumba, moja ya ardhi na moja ya fedha. Kugawa zaidi ya hapo ni kujitafutia kazi. Juu ya zote ilazwe karatasi ya orodha, na kila cheti kitokacho kiandikwe: kimetoka lini, kimekwenda ofisi gani, kimechukuliwa na nani. Vyeti vingi tunavyodhani vimepotea vimelala katika droo ya ofisi fulani, na mwenyewe amesahau.

Twaonya juu ya risiti za mashine za dukani. Maandishi yake hayakuandikwa kwa wino. Yameletwa na moto wa mashine, na kwa jua na joto hufifia hata karatasi ikabaki nyeupe. Basi itolewe nakala juma lile lile. Wala asiipeleke mtu kufunikwa kwa plastiki ya moto, maana itageuka nyeusi yote. Hata vyeti hatupendi vifunikwe hivyo: plastiki ikishagandamana haibanduki, na ofisa atakaye kuukagua muhuri hawezi kuugusa. Mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja wafaa zaidi.

Mtu atasema, nafasi iko wapi? Mtendaji aamkia hodi, na mwalimu asahihisha madaftari mpaka usiku. Ni kweli. Lakini hatuombi zaidi ya saa moja kwa juma, nayo ifungwe na jambo ambalo halisahauliki. Sisi twachagua jioni ya siku ya gulio, kwa kuwa ndiyo siku risiti na barua zinapoingia nyumbani. Kwanza karatasi za juma zitiwe katika bahasha zake. Kisha barua zinazodai jibu zijibiwe. Kisha siku za kliniki, za kikao cha shule na za kesi ziandikwe katika kalenda ya ukutani. Majirani waarifiwe saa hiyo. Watu hawampigii hodi aliye katika sala, na hili nalo watalizoea, isipokuwa pana msiba au ugonjwa.

Jambo moja twalikazia. Mume asiketi na sanduku peke yake. Akifa, mjane atakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, naye ataulizwa cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na mali aliyoiacha marehemu. Ikiwa hakupata kuliona sanduku hata siku moja, huenda waliokuja kuomboleza wakalifungua kabla yake. Twajua nyumba ambamo hati ya shamba haikuonekana tena baada ya matanga. Basi ile saa ya gulio mke na mume waketi pamoja, na ufunguo wa pili ukae kwa mke.

Sanduku likifunguliwa mara ya kwanza, itaonekana pia kilichopungua. Kama yumo mtoto mchanga asiye na cheti cha kuzaliwa, aanzwe yeye, maana kizazi chapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90. Na kadi yake ya kliniki ichukuliwe siku hiyo ya kwenda kumwandikisha.