Ukimdai Asiyehusika: Kuongeza na Kubadili Mdaiwa katika Kesi ya Madai



Miongoni mwa maswali yanayoletwa katika dawati letu la mahusiano ni hili: mtu amefungua kesi ya madai, kesi imekwisha kutajwa mahakamani, ndipo anapotambua kwamba aliyemwandika kuwa mdaiwa siye, au kwamba yuko mwingine aliyestahili kuandikwa pamoja naye. Wapo wanaofika kituoni wakiomba Polisi wabadilishe jina hilo. Polisi hawana mamlaka hayo. Kesi ya jinai huendeshwa na dola. Kesi ya madai ni ya mdai mwenyewe, na jalada lake limo mikononi mwa hakimu au jaji.

Hata hivyo, kukosea mdaiwa si lazima kuwe ndiyo kupoteza haki. Hapa Uganda jambo hili linatawaliwa na Amri ya 1, kanuni ya 9 na ya 10, ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Atakayevuka Busia au Malaba kwenda Kenya, au Mutukula kwenda Tanzania, atakuta namba zilezile, kwa kuwa nchi zote tatu zilirithi utaratibu huo katika sheria ya India ya mwaka 1908. Kanuni ya 9 yasema kuwa shauri halitaanguka kwa sababu tu wahusika wameunganishwa isivyofaa au mmoja wao ameachwa. Kanuni ya 10 yaipa mahakama uwezo wa kumwondoa aliyeingizwa isivyostahili na kumwingiza aliyestahili, katika hatua yoyote, kwa ombi la mhusika au kwa hiari ya mahakama yenyewe.

Tuchukue mfano. Lori linarudi nyuma sokoni na kuponda kibanda cha mama muuza nguo. Mama anamdai dereva peke yake. Dereva hana kitu. Lakini alikuwa kazini, na sheria humwajibisha mwajiri kwa makosa ya mtumishi wake aliyoyatenda katika kazi aliyotumwa. Hapo mama anaomba mwenye lori aongezwe, na dereva anabaki. Lau mama angalikuwa amemwandika mtu aliyekwisha kuliuza lori hilo mwaka uliotangulia, ombi lingekuwa la kumbadili: huyo anatoka, mmiliki wa sasa anaingia. Anayetolewa aweza kudai gharama zake, na mahakama mara nyingi humpa.

Si kila jina huongezwa kwa kuwa mdai amependa. Mahakama Kuu ya Rufani ya Uganda, yaani Supreme Court, katika shauri la Departed Asians Property Custodian Board dhidi ya Jaffer Brothers, ilieleza kipimo: ama amri zinazoombwa zitagusa kisheria maslahi ya mtu huyo, hata ipasavyo naye afungwe na hukumu; ama mdaiwa aliyepo hawezi kujitetea sawasawa bila yeye kuwapo. Mdaiwa anayetaka mwingine amfidie sehemu ya mzigo anayo njia yake, ile ya kuomba ruhusa ya kumwita mtu wa tatu.

Sasa nifikie jambo linalotuhusu sisi wenyewe, nami nalisema waziwazi ingawa nimevaa sare. Mwananchi anayedai kwamba askari alimdhuru au aliharibu mali yake huandika mara nyingi kuwa anamdai "Kituo cha Polisi" fulani. Kituo ni jengo na ofisi. Si mtu mbele ya sheria. Ibara ya 250 ya Katiba yaelekeza kuwa madai dhidi ya Serikali yafunguliwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Askari mwenyewe pia aweza kuunganishwa kwa jina lake, kwani Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 humwajibisha binafsi mtumishi wa umma aliyevunja haki ya mtu.

Kosa hili ni zito kuliko la lori. Tangu kesi ya Fort Hall Bakery iliyoamuliwa Kenya mwaka 1959, ambamo mdai ndiye hakuwa na uhai wa kisheria, mahakama zetu zimeshikilia kwamba asiyekuwapo kisheria hawezi kuendelea na shauri. Hoja hiyohiyo huelekezwa kwa mdaiwa: yaweza kusemwa kwamba hapakuwa na kesi tangu mwanzo, basi hakuna cha kurekebisha, na mdai aanze upya.

Na kuanza upya kunategemea muda. Madai ya fidia kwa madhara dhidi ya Serikali ya Uganda yana ukomo wa miaka 2. Kenya ni miezi 12. Tanzania hudai notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali. Tena mdaiwa mpya hahesabiwi tangu siku kesi ilipofunguliwa, bali tangu alipoingizwa na kupelekewa hati ya wito. Aliyekawia mwaka mzima akimwandama asiyehusika aweza kumpata mhusika muda ukiwa umekwisha.

Ombi hupelekwa kabla ya kusikilizwa, likiambatana na hati ya kiapo inayoeleza kosa lilitokeaje na mdaiwa mpya anahusikaje. Au hutolewa kwa mdomo wakati wa usikilizaji. Likikubaliwa, hati ya madai hurekebishwa, na nakala zake pamoja na wito hupelekwa kwa mdaiwa mpya. Akiwa anaishi ng'ambo ya mpaka, mwombe wakili au karani wa mahakama akueleze utaratibu wa kumfikishia wito huko, kwani hula siku nyingi.

Kwa upande wetu, aliyepata ajali aweza kuomba kituoni ripoti ya ajali, yenye namba ya gari, jina la dereva na habari za bima. Jina la mmiliki lihakikishwe katika daftari la usajili wa magari kabla hati ya madai haijaandikwa.