SOMO KWA WAFANYABIASHARA: MASWALI MANNE YA KUULIZA MAELEKEZO YA SERIKALI YANAPOBADILIKA WAKATI WA MLIPUKO WA UGONJWA

Ugonjwa wa mlipuko unapoingia nchini, maelekezo ya Serikali hubadilika kadiri hali inavyobadilika. Mfanyabiashara asiyeyafuatilia huweza kupata hasara kwa njia mbili: kufunga biashara kwa kuamini uvumi, au kufungiwa kwa kukiuka amri halali. Somo hili linatumia mwenendo wa UVIKO-19 wa mwaka 2020 na 2021 kufafanua maswali manne ambayo kila mwenye duka, mgahawa, ghala au kibanda anapaswa kujiuliza.

1. Limetolewa na nani?

Tamko la kitaifa hutolewa na viongozi wakuu wa Serikali au Wizara ya Afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 humpa afisa afya mamlaka ya kukagua maeneo ya biashara na kuchukua hatua za kuzuia ugonjwa usienee. Sheria ndogo za Halmashauri huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ujumbe wa simu usio na jina la ofisi, tarehe wala saini si agizo, hata ukisambazwa na watu wengi.

2. Linamhusu nani?

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30, pamoja na kuzuia mikusanyiko. Biashara hazikutajwa. Hata hivyo, kwa mama lishe auzaye maandazi langoni mwa shule, fundi wa sare na mzabuni wa mahindi ya bweni, tangazo hilo la elimu lilikuwa pia tangazo la biashara.

Kwa upande mwingine, masoko hayakufungwa nchi nzima. Mkulima wa vitunguu aliyesikia redioni habari za Uganda na Rwanda, ambako shughuli nyingi zilisimamishwa, angeweza kuuza mazao yake kwa bei ya hofu akidhani amri hiyo imemfikia na yeye.

3. Linaanza lini, na linakoma lini?

Hapa ndipo mtaji hupotea kwa urahisi. Tarehe 14 Aprili 2020, muda wa kufungwa kwa shule uliongezwa bila kutajwa siku ya mwisho. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Siku 30 zikawa zaidi ya 100. Aliyenunua unga kwa mkopo kwa kuhesabu siku 30 alibaki na deni na gunia. Tarehe ya mwisho iliyotajwa ichukuliwe kuwa siku ya kuuliza upya, kabla ya kuagiza mali.

4. Ni amri au ni ushauri?

Amri huwa na adhabu. Ushauri hutegemea hiari. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, alisisitiza kwamba ni ya hiari. Inapotozwa faini, mwananchi ana haki ya kuuliza kifungu kilichokiukwa, kupewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na kupata stakabadhi. Lakini ushauri usidharauliwe kwa kukosa adhabu: maji tiririka na sabuni mlangoni humlinda muuzaji kabla ya mteja.

Hatua za kuchukua

Tenga daftari moja la maelekezo. Andika tarehe, ofisi iliyotoa, wanaohusika na siku ya mwisho. Agizo jipya likija, kata mstari kwenye la zamani na uondoe tangazo lililopitwa na wakati ukutani. Penye shaka, muulize Mtendaji wa Kijiji au Kata, Afisa Afya au Afisa Biashara wa Halmashauri.

Somo hili halijapitwa na wakati. Tarehe 20 Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, na mlipuko huo ukatangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Mabasi yaendayo Kanda ya Ziwa hupita Singida, na abiria wake hula katika migahawa yetu.

Zoezi

Jirani anakuambia mnada wa wiki ijayo umezuiwa kwa sababu ya ugonjwa. Una kuku 40 wa kupeleka. Andika maswali manne, na mbele ya kila swali jina la ofisi utakayoiuliza kabla hujawauza kwa bei ya hasara.