Kitabu kwa Anayengoja

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hukaa hapo kama saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki. Aliyemsindikiza hukaa kwenye benchi nje. Simu inakwisha chaji, na hesabu ya nauli na dawa inamzunguka kichwani bila kufika mwisho. Ndugu mkazi, somo la toleo hili ni la huyo wa kwenye benchi.

Nimekaa hapo nikimngoja mama. Siku ya kwanza nilibeba kitabu cha uhasibu, nikidhani nisipoteze muda. Ukurasa mmoja niliusoma mara sita na sikushika kitu. Juma lililofuata nikabeba Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa 1960. Bwana Msa akaanza kupekua mambo yake, nami nikamfuata. Muuguzi alipoita jina la mama nilishtuka, saa mbili zimekwisha.

Kitabu cha masomo hudai nguvu ambazo mwenye wasiwasi hana. Hadithi yenye fumbo huivuta akili yenyewe: nani kaua, nani anadanganya? Ukiwa unalitafuta jibu hilo, hofu hukosa pa kukaa kwa muda. Kwa hiyo chagua kinachokuvuta, si kinachokupa sifa. Kurudia kitabu ulichokisoma shuleni, tuseme Siku Njema cha Ken Walibora, hakuna aibu. Unajua kinakokwenda, na siku mbaya hilo ni pumziko. Mimi napendelea kitabu cha karatasi, kwa kuwa simu huleta hadithi na ujumbe wa deni kwa pamoja.

Chini ya Katiba ya 2010, maktaba za umma ni miongoni mwa kazi za kaunti. Fika katika maktaba iliyo karibu nawe, uliza utaratibu wa kuazima, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba unataka kitabu chepesi kwa sababu unauguza.

Lakini kitabu hakilipi bili. Kama kuna simu ya kupiga au fomu ya kujaza, imalize kwanza ndipo ufungue ukurasa. Tena, ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa majuma mawili, au ukiona hata hadithi uliyoipenda haikugusi, mwone mhudumu wa afya ya jamii au ufike kwenye zahanati. Mawazo ya kujidhuru hayangoji majuma mawili: nenda hospitali mara moja, au upige 1199, laini ya bila malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Mgonjwa naye akitaka, msomee. Mama hakupenda kusomewa penye watu. Alingoja tuingie kwenye matatu, kisha huniuliza Bwana Msa amefika wapi.