Kwa Nini Misitu Haifanani?

Leo tujifunze habari za msitu. Hebu simama Mombo, mkoani Tanga, utazame Milima ya Usambara. Huku chini utaona migunga, mibuyu na mashamba ya mkonge. Panda kwenda Lushoto: baridi inaanza, na mibuyu huioni tena. Nenda upande wa mashariki, mpaka Amani. Huko kuna msitu mzito, hata mchana ndani ni giza. Mkoa ni huo huo mmoja. Je, kwa nini mimea haifanani? Sababu kubwa ni nne.

1. Mvua. Pepo za Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Zikifika milimani hupanda juu na kupoa, na unyevu huo huwa mawingu na mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upepo ukishavuka milima, unyevu umepungua sana. Ndiyo maana Mombo ni pakavu.

2. Urefu wa mlima. Ukipanda meta 1,000, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Mvule hupenda chini penye joto. Mkulo hupenda juu penye baridi na ukungu.

3. Mwanga. Miti mirefu huzuia jua. Chini yake huota mimea ya kivulini tu. Mmoja ni ua dogo la urujuani linaloota kwenye mawe yenye unyevu. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga alilipeleka kwao, na leo hufugwa kwenye vyungu duniani kote. Lakini kivuli kikiondoka, hapo kwao hukauka.

4. Udongo. Huko Amani mvua nyingi huosha chakula cha mimea. Mbolea iko juu juu tu, nayo ni majani yaliyooza. Ukifyeka msitu, mbolea haidumu.

Sasa tuone jambo linalotuhusu wakulima. Kwa miaka mingi watu wa Usambara Mashariki walilima iliki ndani ya msitu, maana iliki hutaka kivuli. Miti mikubwa mingi waliiacha. Walifyeka miche ya chini na kupunguza miti ili mwanga kidogo uingie. Ukiwauliza, watasema: "Msitu si upo? Miti si imesimama?"

Ni kweli, imesimama. Lakini tazama chini: watoto wa miti hawapo. Mti mzee ukianguka, nani atashika nafasi yake? Jua litaingia, udongo utakauka, na mimea ya kivulini itakwisha. Iliki yenyewe baada ya miaka kadhaa hupunguza mazao, na mkulima huhamia kufyeka kwingine.

Hatumlaumu mkulima. Iliki ilimpa fedha za karo na za bati. Lakini Mto Zigi unaotoka milima hiyo ndio unaowapa maji hata watu wa mjini Tanga. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi.

Basi tufanyeje? Tupande iliki katika mashamba yetu wenyewe, chini ya mikarafuu na miti mingine ya kivuli. Na miche ya miti ya asili inayojiotea tusiing'oe yote.

Maswali
1. Kwa nini Amani hupata mvua kuliko Mombo?
2. Msitu usio na miche una hatari gani?
3. Jadilianeni kikundini: ni mimea gani mliyoijua utotoni ambayo sasa haionekani kijijini kwenu? Nini kimebadilika: maji, kivuli au udongo?